Drive imejaa: tumia rclone ncdu kuona kinachokula nafasi kabla ya kufuta chochote

Mama mmoja mwenye studio ya picha na video hapa Lubumbashi, upande wa Katuba, ameniuliza hivi:

"Drive ya studio imejaa, zile GB 100 ninazolipia zote. Google inaniandikia kila siku kwamba nafasi imekwisha, na sasa hata barua pepe za wateja haziingii. Nikiifungua kwenye Chrome, ukurasa unazunguka tu, mega zinakwisha mbio, na sioni ni folda gani nzito. Kijana anayenisaidia anasema kuna programu ya dirisha jeusi inayopanga folda kwa uzito, unatembea ndani yake kwa mishale. Ni programu gani? Je, inakula mega? Na nikifuta kitu humo, video za harusi za watu hazitapotea?"

Mama, kijana wako amekuambia ukweli. Programu hiyo ni rclone, na dirisha analolisema linafunguliwa kwa amri yake moja, `rclone ncdu`. Mega haili nyingi, na nitakueleza kwa nini. Lakini nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo zito kuliko yote: ndiyo, video zinaweza kupotea. Ndani ya dirisha hilo herufi `d` inafuta kweli, na inafuta huko huko Google. Ndiyo sababu sitakufundisha kufutia humo. Nitakuonyesha namna ya kuiunganisha rclone na Drive yako mara mbili, kwa majina mawili: jina moja lenye ruhusa ya kusoma tu, jingine lenye ruhusa zote. Dirisha la mishale utalifungua kwa jina la kwanza siku zote. Hapo hata mtu akigusa `d` bila kujua, Google itakataa.

Kwanza, kwa nini Chrome haikusaidii. Ukurasa wa Drive hauonyeshi uzito wa folda. Una sehemu ya hifadhi inayopanga faili kuanzia kubwa kwenda ndogo, na ni vizuri kuitazama, lakini inapanga faili moja moja. Kazi ya studio haikai hivyo. Harusi moja yenye picha 800, kila picha MB 12, inachukua karibu GB 10, na hakuna hata picha moja kati ya hizo itakayopanda juu ya orodha. Juu utaona klipu za video, utazilaumu, utafuta mbili tatu, na baada ya siku chache Drive itajaa tena. Unachohitaji ni jumla ya kila folda, na jumla ya kila folda ndogo ndani yake, hadi chini kabisa. Hiyo ndiyo kazi ya ncdu.

Jina hilo limetoka kwenye programu nyingine ya zamani, ncdu ya Yoran Heling, ambayo watu wa Linux wanaitumia kuona kinachojaza diski ya kompyuta. Rclone yenyewe ni ya Mwingereza Nick Craig-Wood, aliyeianza mwaka 2012. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Mwaka 2017 ilipata amri yake ya ncdu, inayofanya kazi ileile lakini kwa hifadhi za mtandaoni: Google Drive, OneDrive, Dropbox, Amazon S3 na nyingine nyingi, zaidi ya 70 kwa sasa. Ukijifunza kwa Drive, siku ukihamia kwingine vitufe ni vilevile.

Kuhusu mega. Ukifungua folda ya picha kwenye Chrome, unaletewa ukurasa mzima pamoja na vijipicha vya kila faili. Rclone inapotembea kwenye Drive inaomba orodha tu: jina la faili, ukubwa wake, tarehe yake. Video ya GB 4 inakuja kama mstari mmoja wa maandishi. Haipakui video, haipakui hata kijipicha. Kwa studio yenye maelfu ya faili, orodha yote ni kitu kidogo mno ukilinganisha na kupakua hata klipu moja. Kinachochukua muda ni kwenda na kurudi kati ya kompyuta yako na Google, maana kila folda inaulizwa. Mtandao ukiwa mzito utasubiri kidogo, lakini forfe yako, yaani mega ulizonunua, haitaisha kwa sababu hiyo.

Sasa tuiweke. Pakua rclone kwenye rclone.org, chagua faili ya Windows, ifungue, na ndani utakuta programu moja tu, `rclone.exe`. Haina haja ya kusakinishwa. Iweke kwenye folda rahisi kama `C:\rclone`, fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda hiyo kwa `cd C:\rclone`, kisha andika:

`rclone config`

Itakuuliza maswali moja baada ya jingine. Jibu `n` kwa muunganisho mpya. Jina, andika `macho`. Aina ya hifadhi, andika `drive`. Itakuomba vitambulisho viwili, client_id na client_secret. Kwa leo bonyeza Enter uviache wazi. Kisha linakuja swali la scope, yaani kiwango cha ruhusa, na hapa ndipo ninapotaka utulie. Watu wengi wanachagua namba 1 bila kusoma, na namba 1 ni ruhusa zote. Wewe andika `drive.readonly`. Maana yake programu itaweza kusoma majina, ukubwa na hata kupakua faili, lakini haiwezi kufuta, kuhamisha wala kubadilisha jina. Yanayofuata bonyeza Enter, mipangilio ya ziada jibu `n`, na ikikuuliza kama ifungue kivinjari jibu `y`. Chrome itafunguka, utachagua akaunti ya studio (siyo ile yako ya nyumbani, angalia vizuri), utakubali, na utarudi kwenye dirisha jeusi. Swali la Shared Drive jibu `n`, kisha `y` kuthibitisha. Toka kwa `q`.

Neno kuhusu vile vitambulisho ulivyoacha wazi. Ukiviacha, rclone inatumia kitambulisho chake yenyewe, ambacho watu wa dunia nzima wanakitumia pamoja, na Google inakiwekea kikomo cha maombi. Kwa kutazama mara moja kwa mwezi kinatosha. Ukiona mambo yanakwenda polepole mno, kijana wako anaweza kutengeneza kitambulisho cha studio bure kwenye dashibodi ya Google ya watengenezaji programu. Maelezo yako kwenye tovuti ya rclone. Akifanya hivyo asikiache katika hali ya majaribio, maana ruhusa itakuwa inakufa kila baada ya juma moja na mtadhani programu imeharibika.

Kabla ya kufungua dirisha lenyewe, uliza swali dogo:

`rclone about macho:`

Utaletewa mistari michache: Total ni nafasi yako yote, Used ni iliyotumika, Free ni iliyobaki, Trashed ni iliyoko kwenye kikapu cha taka, na Other ni vitu vya akaunti hiyo visivyo vya Drive, hasa Gmail na Google Photos. Usiruke hatua hii. Watu wanashinda wakipekua folda za Drive kumbe GB 30 ziko kwenye Google Photos, kwa sababu simu ya studio inapandisha kila picha yenyewe. Na ukikuta Trashed ni kubwa, dawa yako ya kwanza iko hapo, bila kugusa hata faili moja iliyo hai. Faili zilizofutwa zinakaa kwenye kikapu siku 30 kabla Google haijaziondoa yenyewe, na kwa siku zote hizo zinahesabiwa ndani ya zile GB 100 zako. Kuzitazama kwa uzito, andika:

`rclone ncdu macho: --drive-trashed-only`

Zitaonekana katika folda zilimokuwa kabla ya kufutwa. Ukiridhika kwamba ni taka kweli, utajua cha kuziondolea nitakapofika kwenye kufuta.

Sasa dirisha lenyewe:

`rclone ncdu macho:`

Ile nukta mbili mwishoni ni lazima. Kwenye kibodi ya Kifaransa iko karibu, huhitaji hata kushika Shift. Programu itaanza kutembea kwenye Drive yote, na huna haja ya kungoja imalize; folda zinajitokeza huku namba zikipanda. Ikimaliza utaona kitu kama hiki, namba ni za mfano tu:

```
  61.204Gi [##########] /Harusi
  18.770Gi [###       ] /Vilio
   9.412Gi [##        ] /Matangazo
~  2.105Gi [          ] /Ofisi
e        0 [          ] /Mpya
```

Nzito iko juu. Vile vialama vya reli (`#`) vinalinganisha kila folda na iliyo nzito kuliko zote humo. Shuka na panda kwa mishale ya chini na juu, ingia ndani ya folda kwa mshale wa kulia, rudi nje kwa mshale wa kushoto. Ukiingia `/Harusi` utakuta miaka, ukiingia mwaka utakuta harusi moja moja, ukiingia harusi utakuta labda folda ya picha za kuuza, folda ya picha ghafi, na folda ya mradi wa montaji, yaani kazi ya kuunganisha na kuhariri video. Hapo ndipo macho yanapofunguka. Mara nyingi uzito hauko kwenye filamu uliyompa bwana harusi. Uko kwenye faili za muda za programu ya montaji, au kwenye picha ghafi ambazo mteja hakuzichagua na hatazidai kamwe, au kwenye filamu ileile iliyotolewa mara nne kwa sababu familia ilitaka wimbo ubadilishwe.

Vitufe vichache vya kukumbuka. `c` inaonyesha idadi ya faili ndani ya kila folda, na `C` kubwa inapanga kwa idadi hiyo. `a` inaonyesha wastani wa ukubwa wa faili, na ninakipenda sana kitufe hiki kwa studio: folda yenye wastani wa MB 12 ni ya picha, yenye wastani wa GB 2 ni ya video, na unajua bila kuingia. `m` inaonyesha tarehe ya mabadiliko ya mwisho, `M` inapanga kwa tarehe, ili uone kazi za zamani zisizoguswa tena. `n` inapanga kwa jina, `s` inarudisha mpango wa uzito. `Y` kubwa inaonyesha njia kamili ya ulipo, uinakili kwenye daftari. `r` inahesabu upya. `?` inaleta orodha ya vitufe vyote, na `q` inakutoa.

Angalia pia alama zilizo pembeni kushoto, watu wanazipuuza. `e` ni folda isiyo na faili hata moja. `~` inamaanisha humo kuna faili ambazo ukubwa wake haujulikani, hivyo jumla inaweza kuwa chini ya ukweli. Kwenye Drive hizo ni hati za Google Docs na Sheets, kama vile orodha yako ya wateja. Nukta inamaanisha kulitokea kosa katika kusoma folda mojawapo ya ndani, na alama ya mshangao kwamba folda yenyewe haikusomeka. Mtandao ukikatika katikati ya matembezi utaziona hizi mbili. Ukiziona usiziamini zile jumla. Bonyeza `r` mtandao ukirudi.

Na kama jumla ya ncdu ni ndogo kuliko Used ya `rclone about`, usishtuke. Kikapu cha taka hakimo katika orodha ya kawaida. Matoleo ya zamani ya faili nayo yanachukua nafasi kama yamewekwa yasifutwe. Ukiongeza `--drive-size-as-quota` kwenye amri, ukubwa utaonyeshwa pamoja na matoleo hayo. Akiba ya mazungumzo ya WhatsApp ya simu za Android siku hizi inahesabiwa kwenye nafasi ya Google, na huioni kati ya folda zako. Hiyo utaitafuta kwenye simu yenyewe. Upande wa pili, folda ambazo wateja au wapiga picha wenzako wamekushirikisha zinahesabiwa kwa mwenyewe aliyezipakia, siyo kwako, kwa hiyo kuziondoa hakutakupunguzia kitu.

Kwa amri hizi umeshajua kinachokula nafasi, na hakuna kilichofutika. Sasa tuje kwenye hofu yako.

Nadhani, kama studio nyingi za hapa, una diski ya nje ambamo kazi zote zinawekwa kabla ya kupandishwa Drive. Swali la kujiuliza kabla ya kufuta harusi ya 2021 kule juu ni hili: je, kila faili iliyo kule juu iko kwenye diski, nzima, bila kuharibika? Watu wanajibu kwa kufungua folda zote mbili na kulinganisha kwa macho, au kwa kuangalia idadi ya picha. Haitoshi. Umeme wa SNEL ukikatika wakati unanakili video, faili inaweza kubaki na jina lake sahihi huku nusu ya mwili wake haipo. Kuna wengine wanaopakua upya kila kitu ili wawe na uhakika, na hapo forfe ya mwezi mzima inakwisha kwa siku moja.

Rclone ina njia bora. Google, unapopakia faili, inaifanyia hesabu inayoitwa MD5 na kuhifadhi jibu lake: ni mfululizo wa herufi na tarakimu 32, na faili ikibadilika hata kidogo, mfululizo unabadilika wote. Rclone inaweza kuifanya hesabu hiyohiyo kwa faili iliyo kwenye diski yako, kisha ikalinganisha na jibu lililoko Google. Video haishuki kwenye mtandao. Kinachoshuka ni ile mifululizo tu. Andika hivi, tuseme diski yako ni E:

`rclone check macho:Harusi/2021 E:/Harusi/2021 --one-way --drive-skip-gdocs --missing-on-dst hazipo.txt --differ tofauti.txt -P`

Nieleze vipande. Upande wa kwanza ni Drive, wa pili ni diski, na usivigeuze. `--one-way` inasema: hakikisha kila kilicho upande wa kwanza kiko upande wa pili, mengine ya ziada kwenye diski usiyajali. `--drive-skip-gdocs` inaruka hati za Google zisizo na ukubwa, maana zitakuletea malalamiko yasiyo na maana. Faili zilizoko Drive lakini hazipo kwenye diski zitaandikwa `hazipo.txt`, zilizopo kote lakini hazifanani zitaandikwa `tofauti.txt`. `-P` inakuonyesha maendeleo. Nimeandika mkwaju wa kawaida katika `E:/` makusudi, rclone inaukubali kwenye Windows, na kwenye kibodi ya Kifaransa unapatikana kirahisi kuliko ule wa kinyume.

Kama majina hayafanani, mpe kila upande jina lake. Folda inaweza kuitwa `Harusi/2021` kule juu na `Mariages 2021` kwenye diski. Jina lenye nafasi unalizungushia alama za kunukuu, hivi: `"E:/Mariages 2021"`. Lakini mpangilio wa ndani lazima ulingane, kwa sababu rclone inatafuta faili kwa njia yake yote. Ukihamisha picha za kanisani kutoka folda moja kwenda nyingine kwenye diski, zitaandikwa kama hazipo, ingawa zipo. Hapo ni kulinganisha folda ndogo moja moja.

Kazi hii inasoma kila faili ya folda hiyo kwenye diski, tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo folda ya GB 60 inaweza kuchukua zaidi ya nusu saa kwenye USB ya zamani. Ifanye betri ikiwa imejaa. Na mtu akikuambia uongeze `--size-only` ili iende haraka, kataa. Hiyo inalinganisha ukubwa peke yake, na faili iliyoharibika ndani inaweza kuwa na ukubwa uleule.

Unachotaka kukiona mwishoni ni mstari unaosema `0 differences found`. Ukiuona, una haki ya kufikiria kufuta. Usipouona, fungua `hazipo.txt`, na faili zilizomo ndizo tu utakazopakua, siyo folda nzima:

`rclone copy macho:Harusi/2021 E:/Harusi/2021 --files-from hazipo.txt -P`

Mtandao ukikatika rudia amri hiyohiyo, zilizokamilika itaziruka. Ila faili iliyokatika katikati itaanza upya tangu mwanzo, kwa hiyo video nzito zipakue usiku mtandao unapokuwa mwepesi. Zile za `tofauti.txt` zitazame mwenyewe moja moja kabla ya kuamua ipi ni nzima, maana huenda ya diski ndiyo uliyoirekebisha baadaye.

Kuna jambo moja ninalotaka ulisikie vizuri, Mama. `rclone check` inathibitisha kwamba diski yako leo ina kila kitu. Haithibitishi kwamba diski hiyo itakuwa hai mwakani. Ukifuta kule juu, na diski ni moja, basi harusi hiyo imebaki na nakala moja tu duniani, kwenye chombo kinachoanguka mezani na kinachochomekwa kwenye umeme unaopanda na kushuka. Picha ya nyumba unaweza kuirudia. Bibi wa bwana harusi aliyebariki watoto siku ile, na sasa hayupo, huwezi kumrudia. Mimi singefuta folda ya mteja kutoka Drive kabla ya kuwa na diski mbili zenye kazi hiyo, zilizolinganishwa zote mbili kwa amri ile, na ya pili ikalala nyumba nyingine. Diski ya pili ni gharama, najua. Iweke ndani ya bei ya harusi.

Na mara nyingi hutahitaji kufuta harusi hata moja. Anza na kikapu cha taka, halafu faili za muda za montaji, halafu zile filamu zilizotolewa mara nne, halafu nakala pacha. Drive inaruhusu faili mbili zenye jina moja kukaa folda moja, na simu ikipakia mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika, hivyo ndivyo zinavyozaliwa. Kuziorodhesha kwa kuangalia yaliyomo, siyo jina, iko `rclone dedupe list --by-hash macho:Harusi`, ambayo kwa neno `list` inaorodhesha tu.

Ukifika kufuta, tengeneza muunganisho wa pili kwa `rclone config`, uuite `mkono`, na safari hii scope iwe `drive`. Kisha folda uliyoihakikisha, kwa mfano ya faili za muda:

`rclone purge mkono:Harusi/2021/Montaji --dry-run`

`--dry-run` ni kuigiza: inasema ingefanya nini, haifanyi. Soma njia iliyoandikwa, herufi kwa herufi. Njia ikiwa sahihi, rudia bila `--dry-run`. Napendelea njia hii kuliko `d` ya ndani ya ncdu kwa sababu hapa umeandika jina la folda kwa mkono wako, wakati kule mshale unaweza kuwa umeteleza mstari mmoja. Ni kweli ncdu inaleta kisanduku cha kuuliza chenye `cancel` na `confirm`, lakini kisanduku hicho mtu aliyechoka anakipita bila kusoma. Tena ikianza kufuta folda kubwa, dirisha linaganda hadi imalize, na kwa mtandao wetu linaweza kuganda muda mrefu. Mtu anadhani imekwama, anaanza kubonyeza vitufe ovyo.

Kwenye Drive, rclone ikifuta inapeleka kwanza kwenye kikapu cha taka. Hiyo ni nafuu yako: ukikosea, ingia Drive kwenye kivinjari ndani ya siku 30, urudishe. Ila nafasi haiachiliwi hadi kikapu kimwagwe. Kukimwaga ni:

`rclone cleanup mkono:`

Hii inamwaga kikapu chote na hakuna kurudi. Hailengi folda moja, kwa hiyo kabla yake fungua tena `rclone ncdu macho: --drive-trashed-only` uone kilichomo chote, hata kile alichofuta kijana juzi. Baada ya hapo `rclone about macho:` itakuonyesha nafasi iliyopatikana, ingawa Google wakati mwingine inachelewa kidogo kubadilisha namba.

Siku ukihamia hifadhi nyingine, usidhani kikapu kipo kila mahali. Kwenye Amazon S3 hakuna kikapu. Usipokuwa umewasha utunzaji wa matoleo, kilichofutwa kimefutwa. Na huko kila ombi la orodha linatozwa, kidogo sana, lakini mtu anayefungua ncdu juu ya ghala lenye mamilioni ya faili mara kumi kwa siku ataliona kwenye bili. Anza na folda moja badala ya ghala lote.

La mwisho ni ulinzi. Ruhusa ulizompa rclone zimehifadhiwa kwenye faili moja ya kompyuta yako. Amri `rclone config file` itakuonyesha iko wapi. Mwenye faili hiyo anaingia Drive ya studio bila neno la siri. Ndani ya `rclone config` bonyeza `s` uiwekee neno la siri lake, na usikubali mtu aibebe kwenye flashi. Ukimaliza usafi, ufute ule muunganisho wa `mkono` kwa `rclone config delete mkono`, uache `macho` peke yake. Kompyuta ikipelekwa kutengenezwa au ikiibwa, ingia kwenye akaunti ya Google kwa simu, sehemu ya usalama, tafuta orodha ya programu zilizounganishwa, uondoe rclone humo. Ruhusa zote mbili zitakufa papo hapo, popote ile kompyuta ilipo.